Kwa mdogo wangu aliyeniuliza kuhusu leseni ya nyaya za volti ndogo

Juzi usiku niliandikiwa na kijana mmoja aliyehamia California. "Kaka, nimepata mtu anataka nimfungie sinema ya nyumbani, spika saba na televisheni kubwa ukutani. Ni volti ndogo tu, siyo umeme wenyewe. Kwani hapo napo inatakiwa leseni?"

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, usingizi ukaniruka. "Ni volti ndogo tu" nilikuwa nayasema mimi mwaka 2019. Yalinitoa dola 9,400.

Namjibu hapa mbele ya wote, maana najua wengi mnaonisoma mnataka nilichokitaka mimi: kazi yako mwenyewe, gari lenye jina lako ubavuni, simu isiyonyamaza. Basi nisikilizeni.

Mikono yangu ilikuwa mizuri, hilo silifichi. Mteja wangu alikuwa anakarabati nyumba na mkandarasi wake mkuu alishachukua kibali cha jiji. Tukapatana dola 9,400, akanipa 3,000 za kuanzia. Nilimuuliza mapema kama anajali kwamba sina leseni. Akanishika bega: "Leseni ya nini? Wewe ni kama ndugu." Siku nilipowasha mfumo wote mara ya kwanza, wanawe walikaa sakafuni midomo wazi, nami nilisimama mlangoni nikajiona mtu.

Kisha mkaguzi wa jiji akaja kwa ukaguzi wa mwisho. Alichuchumaa chini ya televisheni, akamulika tochi, akaukamata waya wa umeme wa televisheni kwa vidole viwili na kuuvuta polepole kutoka kwenye tundu nililotoboa kwenye jipsamu. Waya wa namna hiyo, ule laini wa kuchomeka kwenye soketi, kanuni za umeme za Marekani, NEC, haziruhusu ufichwe ndani ya ukuta. Akageukia kebo ya HDMI, ile ya kupeleka picha na sauti kwenye televisheni, akaizungusha akitafuta maandishi kwenye ganda lake. Kebo ya kupita ukutani huwa imechapwa CL2 au CL3, kuonyesha kwamba ilipimwa inavyostahimili moto. Yangu haikuwa na herufi hata moja. Walipofungua ukuta wakakuta nyaya za spika nimezifunga bega kwa bega na kebo ya umeme wa nyumba, wakati ufundi mzuri ni kuziachanisha. Kisha akauliza, bila hata kupandisha sauti: "Kazi hii imefanywa kwa leseni ya nani?"

Sikuwa na jibu.

Mteja akakataa kunilipa 6,400 zilizobaki. Nikaenda kwa wakili kifua mbele, nikijua haki ni yangu. Wakili akanifungulia kifungu cha 7031 cha sheria za biashara na taaluma za California. Mkandarasi asiye na leseni hawezi kumshitaki mteja adai malipo, hata kama mteja alijua tangu mwanzo kwamba leseni haipo. Na mteja anaweza kudai arudishiwe alichokwisha kulipa. Nilizirudisha zile 3,000 kidogo kidogo. Spika bado ziko darini kwake. Nikipita mtaa ule hadi leo nageuza uso.

Ndugu zangu, sheria haiangalii ustadi wako. Inaangalia namba ya leseni.

Kwa California, leseni yetu inaitwa C-7 na inatolewa na bodi ya makandarasi, CSLB. Inahusu mifumo isiyozidi volti 91: simu, sauti, kamera za ulinzi, dishi, hata taa ndogo za bustani. Ving'ora vya moto havimo. Mteja akikuambia "niongezee na king'ora cha moto", sema hapana, hiyo ni kazi ya mwenye C-10, leseni ya makandarasi wa umeme. Unatakiwa uwe na uzoefu wa miaka 4 wa fundi kamili ndani ya miaka 10 iliyopita, ufaulu mitihani miwili, mmoja wa sheria na mmoja wa fani, utoe alama za vidole, na uweke dhamana ya dola 25,000. Msiogope hizo 25,000. Hazitoki mfukoni mwako. Unalipa ada ya mwaka kwa kampuni ya bima.

Kuna msamaha wa leseni kwa kazi ndogo, nao ndio unaowaponza wengi. Enzi zangu ulikuwa chini ya dola 500. Tangu Januari 2025 ni chini ya dola 1,000. Hiyo ni vifaa na ufundi pamoja, kazi isiyohitaji kibali, na uwe huna uliyemwajiri. Kuivunja kazi moja kubwa vipande vipande ili kila risiti iwe ndogo hakukuokoi. Na zile 3,000 nilizopokea? Hata mwenye leseni, kwenye ukarabati wa nyumba haruhusiwi kuchukua malipo ya awali zaidi ya asilimia 10 au dola 1,000, ile iliyo ndogo.

Ukihamia jimbo jingine, anza upya kuuliza. Kuna majimbo, kama Oregon, ambako hata fundi mwenyewe anayevuta waya anatakiwa awe na leseni yake, achilia mbali ya kampuni. Uliza na jiji pia kuhusu kibali, kabla hujatoboa.

Mimi nilikwenda kufanya kazi chini ya mwenye C-7. Miaka ile siisimulii, ilikuwa ya kubeba ngazi. Leo namba yangu ya leseni iko ubavuni mwa gari, na mikataba yangu yote inayo.

Sasa wewe mdogo wangu. Spika saba na televisheni hazitatoka chini ya dola 1,000. Usiifanye. Mpelekee kazi hiyo mtu mwenye C-7, namba yake uihakikishe kwenye tovuti ya CSLB, umwombe akuajiri kwa mshahara. Na kuanzia siku ya kwanza tunza kila hati ya malipo, maana bodi itakuuliza hiyo miaka 4 uliifanyia wapi na nani anaithibitisha.