Kitambaa Kwanza, Kabureta Baadaye

Madogo, boneti la pikapu ya zamani likiinuliwa tu, vichwa vitano vinainama pamoja kama vinachungulia kisima. Balaa huanzia hapo. Kubadilisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ya Toyota Hilux yenye injini ya 12R au 18R ni kazi ya nusu siku kwa mtu na msaidizi wake. Mkiwa watano inakuwa ya siku mbili, maana kila mmoja kafungua kitu na hakuna anayejua nati ipi imetoka wapi. Marafiki waje, chai wanywe, taa washike. Spana ishikwe na mmoja.

1. Hakikisha mgonjwa ni kabureta. Gari kumisi, yaani injini kukatakata, kuna sababu nyingi: pima nafasi ya platini, zile ncha zinazokata umeme wa plagi (milimita 0.45), toa plagi uziangalie, badilisha filta ya mafuta, chungulia tanki. Tanki lenye kutu litaziba kabureta mpya kama lilivyoziba ya zamani, halafu mtamlaumu muuza spea.

2. Injini ipoe. Toa terminali hasi ya betri. Kila mpira wa vakyumu (mrija wa kuvutia hewa) ufunge selotepu na namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye mdomo ulikotoka. Piga picha kabla mikono haijashika grisi. Anayevuta sigara akasimame ng'ambo ya barabara.

3. Nati nne za chini zinazoshika kabureta. Hapa sisi wakubwa wenu tunaungama, kwa sababu shimo hili tumelitumbukia kabla yenu na tunaona aibu kuwatazama mkilifuata kwa mwendo uleule. Nati tatu zinatoka vizuri na spana namba 12. Ya nne ipo upande wa ndani, spana inazunguka nukta moja tu, kwa hiyo unaimalizia kwa ncha za vidole, kabureta ikiwa imeinuliwa kidogo. Vidole vina petroli. Inateleza. Ting!

Sikilizeni hiyo ting. Nati iliyoanguka chini hugonga mara mbili tatu: kwenye maunti, kwenye chesisi, kisha kwenye changarawe. Ikigonga mara moja na kunyamaza, mara nyingi imeingia kwenye manifoldi, lile bomba la chini linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Na kila mara yupo rafiki mmoja, mtu mwema kabisa, atakayesema, “Itakuwa imeanguka chini, nati zipo tele dukani, tuendelee.” Sentensi hiyo imeua injini nyingi. Mnaitikia kwa sababu jua linazama, mwenye gari anasubiri kupakia dagaa mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na nani anataka kuonekana mzembe mbele ya wenzake? Mnafunga kabureta, mnapiga stata, na injini inawaka vizuri kweli, sekunde tatu nne hivi. Kisha: ko-ko-ko-ko.

Valvu ya kuingizia imefunguka, nati imeshuka, na pistoni ikipanda haina pa kuikwepa. Plagi inapondwa, valvu inapinda, kichwa cha pistoni kinabonyea. Sasa ni kufungua silinda hedi, gaski mpya, kusaga valvu, na kumweleza mwenye gari. Wakati huo nati iliyosababisha yote inakaa juu ya meza ya gereji, imefutwa kona zote, inang'aa kama shilingi mpya.

Dawa yake ni rahisi hadi inauma. Nati 4 na washa 4 zihesabiwe kwa sauti zikiingia koponi. Hesabu ikipungua, stata haiguswi hata mara moja. Leteni sumaku yenye mpini na tochi. Manifoldi ni aluminiamu na nati ni chuma, kwa hiyo sumaku itaikamata yenyewe. Isipoonekana, fungua manifoldi. Ndiyo, yote.

Kabureta ikishatoka tu, mdomo wa manifoldi uzibwe kwa kitambaa kizima kisicho na nyuzi, mkia wake ukining'inia nje shubiri moja. Mkia ni muhimu: kitambaa kilichozama chote husahauliwa, na injini itakivuta. Ikwangue gaski ya zamani kitambaa kikiwa palepale, maana makombo nayo hutafuta njia.

4. Kile kipande cheusi cha bakelaiti kati ya kabureta na manifoldi si takataka. Kinazuia joto. Kitambaa kikishatolewa, gaski chini yake, gaski juu yake. Wanaokitupa ndio mnaowakuta foleni ya kivuko cha Kamanga adhuhuri, petroli imechemka ndani ya kabureta na gari halitaki kuwaka. Silikoni hapana: petroli inailainisha, vipande vinakwenda kuziba njia. Kaza kwa msalaba, raundi tatu, kwa spana fupi. Ukikaza upande mmoja kwa hasira sahani inapinda, inavuta hewa, na silensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, haikai.

5. Usisahau kurudisha waya wa solenoidi, kile kivalvu cha umeme kinachofungulia petroli ya silensa. Gari likizima kila ukiachia mafuta, anzia hapo kabla hujamtukana aliyeuza kabureta.

6. Hapa rafiki ana kazi. Injini ikiwa imezimwa, yeye akanyage pedali mpaka chini, wewe tazama kama mlango wa kabureta unafunguka wote na springi inaurudisha wote. Mlango unaonasa ukiteremka kilima cha Bugando si wa kuchekea. Kisha rudisha terminali ya betri, chomoa waya wa koili, piga stata mafuta yajae: kwenye kioo cha kabureta yafike katikati. Papasa viungo vyote. Pakilowa, hakuna kuwasha.

Kutuni ni injini ikiwa ya moto na choki imefunguka. Skrubu ya hewa iingize taratibu hadi iguse, usiibane, kisha irudishe mizunguko miwili na nusu, uanzie hapo. Kumbukeni Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na kabureta iliyotuniwa Dar ikifika hapa inakunywa mafuta. Lakini skrubu inatawala silensa tu. Plagi zikitoka nyeusi tii baada ya safari ya Magu, tafuta jeti kuu (kipande chenye tundu la kupitisha petroli) ndogo kwa namba moja, na msizibue jeti kwa waya, mnatanua tundu.

Kesho yake, injini ikiwa baridi, zipitie tena nati zile nne. Na ikibaki ya tano kwenye kopo, msiniambie ilikuwa ya akiba.