Pointi, miji na kundi la wazazi: kwa mwalimu anayeripoti Mombasa

Mwalimu mwenzangu unayeripoti muhula huu, karibu Mombasa. Najua umetoka chuoni kichwa kimejaa habari za kufundisha kwa michezo: pointi, beji, ngazi, kundi la WhatsApp la darasa. Vizuri. Lakini kabla hujamwahidi mwanafunzi lolote, nenda kwa naibu wa mkuu wa shule umuulize mambo matatu: sheria ya shule kuhusu simu, projekta inakaa wapi na funguo anazo nani, na kama wazazi walishawahi kutia saini fomu ya kuruhusu picha za watoto wao. Majibu yatakupunguzia nusu ya mipango yako siku hiyohiyo, na heri yapunguze mapema.

Simu za wanafunzi zisahau. Katika shule zetu nyingi, za bweni hasa, mwanafunzi akikutwa na simu mzazi huitwa, na pengine mtoto akarudishwa nyumbani. Usijitie kuwaombea ruhusa "kwa ajili ya somo tu". Huo ni ugomvi wa siku nyingi kati ya walimu wa zamu na mabweni, nawe hata majina ya viranja hujayashika. Anza na kitu kinachotaka simu moja tu, ya kwako.

Kwangu mimi kitu hicho ni kadi za Plickers. Unachapisha kadi kwenye karatasi. Kila moja ina namba yake na mchoro mweusi usiofanana na wa nyingine. Mwanafunzi anaizungusha mpaka herufi ya jibu lake, A, B, C au D, iwe juu, anaiinua, nawe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa, majibu yote yanaingia. Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa 63, kwa hivyo hata darasa lililobanana linatosha. Herufi zimeandikwa ndogo pembeni, jirani hawezi kuchungulia. Tumia karatasi isiyong'aa, kwani ukizivisha plastiki ya kumetameta, mwanga wa madirishani utaipofusha kamera. Na waambie washike pembe, wasifunike mchoro kwa vidole.

Sasa tega swali lenye mtego ndani yake. Nafundisha Kiswahili na Historia, basi nitoe mfano wa ngeli, maana ngeli ndizo zinazowatoa jasho. Andika ubaoni: "Kiboko cha babu ___mekatika." Je, ni ki- au a-? Sehemu ya darasa itakimbilia a- kwa sababu wameshamwona mnyama mtoni. Usiseme nani amekosa. Waambie tu kura zimegawanyika, kisha kila mmoja amgeukie jirani yake amshawishi, halafu kadi ziinuliwe tena. Hapo ndipo utasikia kelele yenye faida: "We, mnyama hukatika?" "Hicho ni kiboko cha kuchapia!" (Viboko vyenyewe vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini sentensi zake bado zipo katika mazoezi yetu.) Namna hii ya kupiga kura mara mbili, na mjadala katikati, ilipata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuitumia miaka ya 1990. Kura ya pili karibu kila mara huwa bora kuliko ya kwanza, na wewe hujaeleza chochote.

Ukibahatika kupata maabara ya kompyuta na stima isipotee, watakuomba Kahoot!, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni. Wape, lakini ujue inavyohesabu. Kwa kawaida yake, jibu sahihi la papo hapo hupata karibu pointi 1000, na jibu sahihi lililokuja sekunde ya mwisho hupata kama 500. Maana yake anayesoma polepole lakini anajua hulipwa nusu. Unaweza kurefusha muda wa swali hadi dakika 4, na unaweza kuwaweka kwa timu, kompyuta moja watu wanne au watano, jambo ambalo kwa idadi ya mashine tulizo nazo utalazimika kulifanya tu. Majina nayo, washa yale yanayotungwa na programu yenyewe. Ukiwaachia wajiite wapendavyo, utakuja kusoma ukutani jina ambalo hutaweza kulieleza mbele ya mkuu wa shule.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: mchezo wa darasani usiupime kwa anayeongoza. Anayeongoza angesoma hata ungemfundishia gizani. Mtazame wa mwisho. Kama baada ya wiki mbili bado anainua mkono, mchezo wako mzuri. Kama ameanza kuchora pembezoni mwa daftari, umejenga kitu cha kuwafurahisha watoto watano waliokuwa na furaha tangu mwanzo. Ndiyo maana sibandiki orodha ya majina kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho anajijua. Hana haja ya kusomewa na kila anayepita mlangoni. Misururu ya siku, yaani kumhesabia mtoto siku alizofuatanisha bila kukosa, pia naiogopa. Hata Duolingo, programu ya kujifunza lugha inayoishi kwa msururu, humpa mtumiaji njia ya kuugandisha asiupoteze akikosa siku moja. Sisi tuna watoto wa matanga, wa stima iliyokatwa, wa feri ya Likoni iliyochelewa. Ukiweka msururu, weka na msamaha wake.

Mchezo ninaoupenda mimi hautaki hata betri, na kila mtoto wa pwani anaujua. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu ametagia miibani." Wakishindwa, mtegaji anadai mji, anapewa, anasimulia alivyofika huko na alivyokaribishwa, kisha ndipo anasema nanasi. Mji ule ndio pointi. Haununui hata andazi, na watu wazima wanaugombania.

Mimi huuingiza kwenye Historia. Bandika ramani ya pwani ya Afrika Mashariki ukutani. Gawa darasa makundi matano, mwepesi na mzito wakae pamoja, kila kundi lipe mji wake: Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa, Sofala. Vitendawili wanatunga wenyewe kutokana na somo la wiki hiyo. Kundi likishindwa kutegua, linatoa mji, lakini anayeupokea hauchukui mpaka aseme jambo moja la kweli juu yake ambalo halijasemwa bado. Wa kwanza kuichukua Kilwa atasema ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Atakayefuata atasema msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Baada ya hapo yale mepesi yamekwisha, na utawaona wanapekua kitabu wakati wa mapumziko kwa sababu wanautaka mji.

Kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la nyuma, mkimya, mwandiko mbaya, ambaye siku moja alisimama akatega: "Nimejifungia nyumbani kwangu, njaa na maradhi vikanila, mgeni akarithi." Wakajaribu konokono. Wakajaribu mfungwa. Mmoja akasema panya, wakamcheka. "Nipeni mji." Wakampa Mombasa yenyewe. Akasema alikwenda Mombasa, akapokewa kwa halwa na kahawa chungu, na jibu ni Wareno ndani ya Fort Jesus, waliozingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Nusu ya darasa hupita kando ya kuta hizo wakienda nyumbani. Yule msichana hakugeuka kuwa wa kwanza, sitakudanganya, lakini toka siku hiyo kundi lake lilikuwa likimngoja yeye atunge.

Kanuni mbili usiziache. Kundi lisilo na mji ndilo linalotega kwanza kipindi kinachofuata, na likishinda linapata miji miwili. Na kila baada ya wiki mbili ramani inafutwa, mnaanza upya. Walio juu watalalamika kwamba si haki. Waache walalamike.

Kuhusu zawadi, polepole. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwatazama watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine hawakuahidiwa. Siku za baadaye, wakati wa kucheza kwa hiari, walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa ghafla, bila ahadi, hawakupunguza. Kwa hiyo soda ukitaka kuwanunulia, wanunulie siku wasiyoitarajia, na usiitangaze Jumatatu kwamba Ijumaa kuna soda. Ukitangaza mara mbili, ya tatu watakuuliza kabla ya kufungua daftari: "Mwalimu, leo kuna nini?"

Mitandao ya kijamii nimeiweka huku nyuma makusudi. Anza na sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Piga hesabu kwa mshahara wako. Ukitaka kuweka klipu ya somo TikTok, piga ramani, piga mikono na kadi, chukua sauti ikiwa mzazi ameridhia kwa maandishi. Nyuso ziache, na sare yenye nembo pia.

Kuandikiana na mwanafunzi faraghani, hapana. Hata akikutafuta yeye kwa swali la fasihi saa tatu usiku, mjibu kesho darasani mbele ya wenzake.

Kundi linalofaa ni la wazazi, na mwalimu mwingine awe admini pamoja nawe. Kumbuka ndani ya kundi la WhatsApp kila mtu huiona namba ya mwenzake, basi wazazi waulizwe kabla ya kuingizwa. Siku za kawaida funga, maadmini pekee ndio waandike, la sivyo utaamkia matangazo ya viwanja na dua za kusambaza kwa watu kumi. Jumamosi usiku, baada ya Isha, watoto wakishatoka madrasa, lifungue na utume kitendawili kimoja cha somo. Maandishi tu. Video usitume, kuna mzazi aliyenunua bando la shilingi 20 na ndilo la siku nzima. Mtoto anajibu kupitia simu ya nyumbani, kwa sauti au kwa maandishi, na jibu la kweli linampa mji Jumatatu.

Usishangae wakubwa wakiingia. Bibi mmoja wa Majengo alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, shikamoo hazina maana usiku huu, mimi nakutega wewe." Akatega cha dau na tanga ambacho sikuwahi kukisikia, na kundi zima likashindwa, nami nimo. Ilibidi tumpe Lamu. Jumatatu mjukuu wake aliingia darasani na mji wa bibi, wenzake wakabishana kama ni halali. Niliuhesabu.

Vitu vidogo vilivyobaki. Wa Gredi ya 10 wamelelewa kwenye kazi za makundi na watakufuata haraka. Wa vidato vya juu wanaoisubiri KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, watakuona unawapotezea wakati, kwa hiyo kadi zao zijaze maswali ya mitihani iliyopita na umalize kwa dakika kumi. Mwezi wa Ramadhani peleka michezo vipindi vya asubuhi. Na karatasi za kadi usizinunue kwa pesa yako: peleka ombi kwa mkuu wa idara wiki ya kwanza ya muhula, kabla mitihani ya kati haijameza rimu zote.