Usiupeleke Mswada Ungali Mbichi

Swali la wiki hii ni hili: ungempa ushauri gani mtu anayeandika riwaya yake ya kwanza na anatamani ichapishwe? Nimekuwa nikisoma miswada kwa niaba ya wachapishaji kwa muda mrefu. Mhariri hunitumia mswada, nami humwandikia kurasa mbili tatu za tathmini: hadithi inasimama au haisimami, lugha ikoje, nani atakinunua kitabu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni yale ninayokutana nayo katika kazi hiyo, na ninayasema kwa kuwa inaniuma kuona riwaya nzuri zikirudishwa.

Miswada mingi ninayoshauri irudishwe ina kipaji ndani yake. Imeletwa mapema mno tu. Mtu ameandika neno "Mwisho" jana usiku, leo asubuhi anaulizia anwani ya mchapishaji. Mhariri akishaukataa mswada, si rahisi auchukue tena mwaka ujao hata ukiwa umerekebishwa vizuri, maana mezani kwake kuna mingine inayosubiri.

Kasoro inayojirudia kuliko zote iko kwenye mazungumzo. Mama ntilie wa Mwanza, konda wa daladala na profesa wa chuo kikuu wote wanasema Kiswahili kimoja, kile cha taarifa ya habari. Konda wa riwayani anamwambia abiria, "Naomba usogee ili wenzako nao wapate nafasi." Nani amewahi kumsikia konda wa namna hiyo? Wa kweli anapiga bodi na kufoka, "Sogeeni nyuma jamani, nyuma kweupe!" Ajabu ni kwamba mwandishi huyohuyo, ukikaa naye kwenye kahawa, anaweza kumwigiza shangazi yake mpaka mbavu zikakuuma. Sikio analo. Akishika kalamu anadhani riwaya inadai lugha ya hotuba.

Inayofuata ni mahubiri, na hii naona chanzo chake ni darasani. Fasihi tulifundishwa kuisaka dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi ili tujibu mtihani, basi tukiandika tunamwekea mwalimu majibu tayari. Msichana amedanganywa, amefukuzwa nyumbani, amejifungua peke yake, msomaji ameshaumia. Mara inakuja aya nzima ya kuwaasa mabinti wa kisasa. Ifute aya hiyo. Kama sura yenyewe haikumgusa msomaji, nasaha hazitamgusa.

Halafu kuna mambo ya uhakika. Niliwahi kusoma mswada wa mkasa uliotokea mwaka 2023, shujaa akapanda basi la Arusha katika stendi ya Ubungo. Stendi ya mabasi ya mikoani ilishahamia Mbezi tangu 2021. Kosa dogo, lakini msomaji wa Dar es Salaam akilikuta hapo anaanza kutilia shaka hata polisi wako na hospitali yako. Tahajia nayo isiachiwe mhariri: "uwezi" badala ya "huwezi", "ana kuja" kama maneno mawili, na ile "xaxa" ya kwenye simu. Mhariri akiyaona hayo ukurasa wa kwanza, ataamini hukuusoma mwenyewe.

Ukimaliza kuandika, uweke mswada kando mwezi mmodi au miwili. Kisha usome wote kwa sauti, hata mazungumzo, hata sehemu unazozipenda. Ulimi utakwama pale penye sentensi mbovu. Baada ya kusahihisha, mpe mtu asiyekuogopa wala asiyekudai chochote, na usimuulize kama amependa. Muulize aliishia wapi alipochoka, na alirudia ukurasa gani kwa kuwa hakuelewa. Majibu hayo mawili yatakusaidia kuliko sifa za marafiki wote. Ndipo uandike upya. Nasema uandike upya, si kupitia herufi.

Kuhusu wachapishaji nitasema machache. Wengi wao, Kenya na Tanzania, wameishi kwa vitabu vya shule. Kwa Kenya, riwaya ikiteuliwa kutahiniwa katika sekondari inauzwa kwa wingi ambao riwaya ya kawaida haiwezi kuufikia. Kwetu Tanzania, kazi ya vitabu vya kiada iliporudi kwa Taasisi ya Elimu ya serikali, wachapishaji binafsi walipoteza soko kubwa, na ndiyo maana wanasita mbele ya jina lisilojulikana. Kukataliwa kwako huenda kukawa ni hesabu ya karatasi na wino. Nenda kwenye duka la vitabu, fungua ukurasa wa hakimiliki wa riwaya zilizotoka miaka ya karibuni, uandike nani amezichapisha. Hao ndio wa kuwapelekea. Mwenye kuchapa vitabu vya hisabati pekee usimsumbue.

Mashindano ni mlango mzuri, kwa kuwa yanapokea miswada ya watu wasiojulikana. Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imetoa washindi ambao vitabu vyao vilichapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Soma masharti ya kila tuzo neno kwa neno; kazi nyingi nzuri huondolewa kwa sababu ya idadi ya maneno au tarehe.

Sasa mkataba, ambao waandishi wengi husaini kwa furaha bila kuusoma. Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ni wa kawaida, lakini asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000. Ukilipwa kwa bei ya jaladani, unapata 1,500 kwa nakala. Ukilipwa kwa kile anachopokea mchapishaji, na mwenye duka amepewa punguzo la asilimia 35, hesabu inafanywa kwenye 9,750, nawe unabaki na 975. Uliza pia taarifa ya mauzo italetwa mara ngapi kwa mwaka, haki za filamu na tafsiri ni za nani, na kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena haki zinakurudia baada ya muda gani. Hakimiliki kwa sheria ya Tanzania inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako, kwa hiyo unasaini hata kwa niaba ya wajukuu. Mchapishaji mwaminifu hachukii maswali haya.

Anayekuambia ulipe ndipo akuchapishie anakuuzia huduma ya uchapaji. Si vibaya, mradi ujue unanunua nini: nakala ngapi, nani atazisambaza, nani atahariri. Nawaheshimu sana wanaouza hadithi zao sura kwa sura kwenye makundi ya WhatsApp. Wamejijengea wasomaji wanaolipa, jambo ambalo baadhi ya wachapishaji hawajaliweza. Ila ukitaka kitabu hichohicho kipelekwe kwenye tuzo au kwa mchapishaji, angalia kwanza kama wanakubali kazi iliyokwisha kutolewa hivyo.

Ukiwa tayari, peleka barua ya ukurasa mmoja, muhtasari unaosema hadithi inaishaje (usimfiche mhariri mwisho), na sura tatu za mwanzo, isipokuwa wameomba mswada mzima. Weka nakala yako mahali salama. Majibu huchukua miezi, na miswada mingine haijibiwi kabisa. Ikifika miezi sita, andika ujumbe mfupi wa heshima kuulizia. Ukikosa jibu, waarifu kwamba unauondoa mswada wako, kisha umpelekee anayefuata kwenye orodha yako.

Msomaji, Morogoro