Gurudumu Kubwa Mbele, Dogo Nyuma: Shika Futi Kabla ya Spana

Siku niliyoanza kuifikiria baiskeli ya magurudumu yasiyolingana, nilikuwa katikati ya mteremko mkali wenye mawe. Nilikuwa nimerudisha kiuno nyuma kabisa, tumbo liko juu ya siti, na mikono imenyooka. Mara nikasikia mvumo mfupi wa mpira ukisugua kitambaa. Tairi la nyuma lilikuwa limenigusa makalio. Nilipofika chini nilikuta kaptula ina mstari mweusi upana wa vidole viwili, na uzi wa mshono umeachia. Mimi ni mfupi. Baiskeli yangu ilikuwa na magurudumu ya inchi 29 mbele na nyuma, na kila mteremko ulipozidi ukali nilijikuta sina nafasi ya kurudi nyuma. Ukishaguswa na tairi mara moja, unaanza kujizuia mahali ambapo mwili unatakiwa ulegee.

Miezi michache baadaye nikafunga gurudumu la inchi 27.5 nyuma na kuacha 29 mbele. Wengi huiita maleti, kutokana na mtindo wa nywele fupi mbele na ndefu nyuma. Leo nisingerudi nilikotoka, lakini wiki tatu za mwanzo nilizipoteza bure na nusura nivunje mguu, kwa sababu nilidhani nimebadilisha gurudumu tu. Kumbe nilikuwa nimebadilisha umbo la baiskeli nzima.

Wazo lenyewe si la jana. Pikipiki za motokrosi zimezoea inchi 21 mbele na 19 nyuma. Kwenye baiskeli, kampuni ya Specialized walikuwa na Big Hit yenye 26 mbele na 24 nyuma, na baadaye Trek wakaleta 69er, yaani 29 mbele na 26 nyuma. Hazikushika sana. Kilichobadilisha mambo ni mashindano. Mwaka 2017 baiskeli za inchi 29 ziliingia kwa kishindo kwenye Kombe la Dunia la kuteremka mlima, pale Lourdes, Ufaransa. Zilikuwa na kasi, lakini waendeshaji wafupi walilalamikia tairi la nyuma, lile lile lililonichania kaptula. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, wakati huo zilitaka magurudumu yawe na kipenyo kimoja. Sharti hilo liliondolewa kwa baiskeli za milimani kuanzia msimu wa 2019, na mwaka huo huo Loïc Bruni akawa bingwa wa dunia wa kuteremka huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, akiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma. Baada ya hapo kampuni nyingi zikaanza kuzitengeneza hivyo tangu kiwandani.

Mantiki yake ni rahisi. Gurudumu la mbele ndilo linalokutana na mawe na mizizi kwanza. Likiwa kubwa halizami sana shimoni, na likifika kwenye jiwe hulikwea kwa pembe ndogo zaidi, kwa hiyo mikono haipigwi sana. La nyuma kazi yake ni kufuata na kusukuma. Likiwa dogo huwa jepesi kuzungushwa na kulazwa kwenye kona, tena linakuachia nafasi ya mwili. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, na ya 27.5 ina 584. Tofauti ni milimita 38, na nusu yake ni 19. Ishike hiyo 19, kwa maana ndiyo iliyonitesa.

Nilifanya hivi: niliazima gurudumu la nyuma, nikahamisha kaseti (lile rundo la gia za nyuma) na diski ya breki, nikafunga, nikaondoka. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kona nilizokuwa nazipigania zilikuja zenyewe, baiskeli inalala mara moja na mkia unazunguka nyuma yangu. Niliwaambia wenzangu kwamba nimepata dawa. Siku ya pili, kwenye njia ya mawe niliyoipita mara mia, pedali ya kushoto ikagonga jiwe nikiwa nanyonga. Nikadhani nimezembea. Ikagonga tena. Mara ya tatu ilikwama kabisa, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea mbele. Nilitua kwa goti juu ya ukingo wa jiwe, na kwa siku nne sikuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Nikiwa nimekaa na barafu gotini ndipo nilipochukua futi. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari urefu kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya pedali, yaani mhimili ambao mikono ya pedali huzungukia: milimita 345. Sasa nikapata 333. Milimita 12 zimepotea, upana wa kidole! Mtu aliyekaa anaweza kuona si kitu, ila ukitoa mkono wa pedali wa milimita 175, ukatoa unene wa pedali, kisha ukatoa kiasi ambacho shokapu hukaa chini unapopanda, nafasi iliyobaki kati ya pedali na jiwe ni ndogo sana. Kidole kimoja hapo ndicho kinachoamua kama utapita au utaanguka.

Hesabu yake inafanyika hata kwa penseli. Ekseli ya nyuma imeshuka milimita 19, ya mbele imebaki pale pale. Umbali kati ya ekseli hizo mbili kwenye baiskeli yangu ni kama milimita 1,200, na ekseli ya pedali iko mbele ya ile ya nyuma kwa kama 435. Kwa hiyo sehemu ya pedali hushuka karibu theluthi mbili ya zile 19, ndizo hizo 12. Na fremu nzima hulala nyuma kwa karibu digrii 1. Foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, inalala zaidi, na siti inarudi nyuma zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa ule utamu wa siku ya kwanza. Sehemu kubwa ya nilichokisifia haikutoka kwenye udogo wa gurudumu. Ilitoka kwenye foku iliyolala na uzito ulioshuka karibu na ardhi. Nasema hivi kwa sababu watu wengi hununua gurudumu wakati walichokuwa wanakitafuta ni pembe tofauti, na wengine huiacha maleti kwa hasira wakati kilichowaudhi ni pembe hizo hizo.

Kosa la pili nililisikia kwa mwenzangu aliyenishauri nifupishe foku ili pembe irudi kama zamani. Pembe ingerudi, ni kweli, lakini mbele kungeshuka pia na pedali zingekaribia mawe zaidi. Tiba iko nyuma, si mbele. Fremu nyingi za siku hizi zina kipande kidogo cha chuma kwenye boliti ya shokapu ambacho tundu lake haliko katikati. Ukikigeuza, nyuma ya baiskeli hupanda au hushuka. Nilikiweka upande wa juu, nikarudishiwa milimita 7. Kisha nikabadilisha mikono ya pedali kutoka 175 kwenda 165, nikapata nyingine 10 pale pedali inapokuwa chini kabisa. Ukifupisha mikono kwa 10, pandisha siti kwa 10 hiyo hiyo, la sivyo magoti yatakulalamikia. Tangu hapo pedali hugonga mara chache, na kila ikigonga huwa kosa ni langu.

Kama fremu yako haina kipande hicho, uliza kama mtengenezaji anauza kiungo au sehemu ya nyuma iliyoundwa kwa gurudumu la 27.5. Kama havipo, na baiskeli yako tayari iko chini, ningekushauri uiache ilivyo. Baiskeli isiyo na shokapu nyuma nayo ningeiacha, maana haina mahali pa kurekebisha, na foku ikishabonyea unazidi kukosa nafasi. Soma pia masharti ya dhamana ya fremu. Kampuni nyingine huruhusu mchanganyiko huu kwa maandishi, nyingine hukataa.

Kuna wanaokuja kutoka upande wa pili: wana baiskeli ya 27.5 kote na wanataka kuweka 29 mbele. Hapo nina neno moja zito. Usilazimishe gurudumu la 29 ndani ya foku ya 27.5 kwa sababu tu linazunguka bila kugusa. Toa hewa yote kwenye foku, ibonyeze mpaka mwisho, kisha utazame nafasi kati ya tairi na taji la foku, pale juu miguu yake inapoungana. Tairi likigusa taji ukiwa unatua kwa kasi, gurudumu husimama papo hapo na wewe unarushwa juu ya usukani. Unahitaji foku ya 29, na hiyo huwa ndefu zaidi, hivyo mbele hupanda kwa gurudumu na kwa foku vilevile. Hapa ndipo kufupisha foku kwa milimita 10 au 20 kunakuwa na maana, kwa sababu tatizo lako sasa ni baiskeli iliyonyanyuka mbele.

Kwenye kupanda mlima, nakiri, kuna unachopoteza. Gurudumu dogo la nyuma hukwama kwenye mizizi ambayo zamani lingeikwea, hasa unapokwenda polepole. Na siti ikirudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unayumba. Nilisogeza siti mbele kwenye reli zake kwa milimita 8 na kuinamisha pua yake kidogo sana, nikajifunza pia kusukuma uzito mbele sekunde moja kabla ya kila mzizi. Nimezoea. Lakini mtu anayeshindana mbio ndefu za kupanda na kushuka, au anayeendesha saa nyingi kwenye njia tambarare, sioni faida atakayoipata. Huko 29 mbele na nyuma ina sababu ya kutawala.

Gia nazo hubadilika bila wewe kuzigusa. Gurudumu la nyuma likipungua, kila mzunguko unakwenda umbali mfupi kwa karibu asilimia 5. Gia ya mbele ya meno 32 unaisikia kama ina meno 30 na kidogo. Mlimani hiyo ni zawadi, na inafidia sehemu ya lile la mizizi. Kwenye mteremko wa kunyonga, miguu itazunguka upesi zaidi. Niliwahi kujaribu meno 34 nikarudi kwenye 32 baada ya mlima mmoja.

Upepo wa tairi la nyuma niliuongeza kidogo kuliko nilivyozoea, kwa kuwa dogo hugonga rimu mapema zaidi. Shokapu nayo, pima upya inabonyea kiasi gani unapokaa, ukiwa umevaa na kubeba kila kitu unachobeba njiani, maana fremu iliyolala huhamishia uzito nyuma.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni la matairi. Zamani tairi la mbele likianza kuchoka nilikuwa nalihamishia nyuma, huko likamalizie maisha yake, na jipya linaingia mbele. Desturi hiyo imekufa. Tairi la 622 haliwezi kukaa kwenye rimu ya 584, na la 584 haliwezi kuingia kwenye 622 hata ukilivuta vipi. Unaponunua, usitazame inchi zilizoandikwa kwa herufi kubwa tu. Tafuta zile namba ndogo ubavuni, kama 61-622 au 61-584. Ya kwanza ni upana, ya pili ndiyo isiyosameheka. Spoki za akiba pia zitakuwa za urefu tofauti, ziandike kwa kalamu mbele na nyuma kabla hujazifunga kwa utepe.

Tyubu ni nafuu zaidi. Mimi hubeba moja tu, ya 27.5. Pancha ikipatikana nyuma inakaa sawasawa. Ikipatikana mbele unaivuta kidogo, na itakufikisha nyumbani salama. Tyubu ya 29 ndani ya tairi dogo hujikunja, na mkunjo unaweza kuitoboa tena.

Kama bado unasitasita, azima gurudumu la nyuma kabla hujanunua. Hakikisha tairi lake linafanana na lako kwa upana na kashata, vinginevyo utakuwa unajaribu tairi. Pima urefu wa ekseli ya pedali kwanza, ukiwa umejaza upepo wa kawaida na baiskeli imesimama wima kwenye sakafu iliyo sawa. Chagua njia moja fupi unayoijua kwa kufumba macho, yenye kona, mawe na kipande cha kupanda. Pita mara tatu na gurudumu lako, mara tatu na la kuazima, kisha rudisha la kwako na upite mara moja zaidi. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa, goti likiwa bado limefungwa bandeji, na ni ile mara ya mwisho, nilipolirudisha 29 nyuma na kuingia kwenye kona ya kwanza, ndiyo iliyonifanya nigeuze baiskeli nikaenda kulinunua lile dogo.