Kadi za marehemu mzee zisiingie kwenye bahasha hiyo

Simama kwanza, mdogo wangu, na kama bahasha umeshaifunga, ifungue. Umesema kwamba familia ya mzee uliyekuwa ukimtunza hapa Minnesota imekupa albamu yake ya kadi za kampuni ya Topps, zile zenye picha za wachezaji wa besiboli, za kati ya mwaka 1957 na 1962, kwamba umepata anwani za wachezaji wa besiboli waliostaafu ambao bado wako hai, na kwamba unakusudia kuwapelekea kadi hizo kwa posta ili wazitie saini. Kisha ukauliza kalamu gani inafaa, barua iwe na urefu gani, na kama ni vyema kuzituma zote kwa pamoja au moja moja. Jibu langu ni kwamba usitume hata moja.

Ninayo kadi ya mwaka 1956 ambayo baba mkwe wangu aliipata akiwa mtoto, enzi ambazo Topps ilikuwa ikiuza kadi na chingamu ndani ya pakiti moja. Aliitunza katika boksi la viatu kwa zaidi ya nusu karne, kisha akanipa mimi, mkwe aliyetoka Kenya, ambaye hapo mwanzo nilidhani mchezo wenyewe ni kriketi ya watu wenye haraka. Mchezaji aliyemo hakuwa nyota. Alikuwa kipenzi cha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kunikabidhi binti yake.

Nilipotaka kumpelekea mchezaji huyo kadi ile kwa posta aitie saini, kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiuza orodha ya anwani za wachezaji wastaafu pamoja na mwongozo alioutunga mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimelipia, nilimwamini. Ndiye aliyeandika kwamba mchezaji mzee akipokea kadi halisi ya enzi zake humtambua mwandikaji kuwa mpenzi wa kweli wa mchezo, ilhali akipokea nakala au kadi nyeupe tupu isiyo na picha huiona kuwa ni dharau. Katika mwongozo mzima hakugusia umri, wala maradhi, wala uwezekano kwamba anayefungua barua katika nyumba hiyo si yule unayemwandikia. Alijua kuuza orodha, na hapo ndipo elimu yake ilipokomea.

Nikaituma kadi ile, nayo ilirudi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ingepotea ningeilaumu posta na kusahau. Ilikuwa na saini ya wino wa buluu iliyopita kifuani pa mchezaji, safi, iliyonyooka, nami nikaizungusha nyumba nzima kwa furaha. Baba mkwe aliitazama kwa muda, akavua miwani, akauliza mtu anayekaribia miaka tisini amepata wapi mkono wa karani wa benki. Tuliilinganisha na saini za mchezaji huyo za miaka ya nyuma, tukaona kwamba herufi ya kwanza, ambayo sikuzote aliiandika kwa mzunguko mmoja, hapa ilikuwa imechorwa kwa mistari miwili. Kampuni ya kuhakiki saini ilikataa kuithibitisha, na ada yangu haikurudi, kwa kuwa ada hiyo hulipwa ili waitazame, si ili waikubali. Baadaye wakusanyaji wengine waliniambia kwamba mzee alikuwa amepata kiharusi na kwamba mtu wa nyumbani kwake ndiye aliyekuwa akijibu barua. Huyo simlaumu sana. Huenda aliona barua zinarundikana na akataka kuwafurahisha watu. Lakini kadi ile sasa si kadi safi ya mwaka 1956, wala si kadi yenye saini ya mwenyewe, na wino ule hautoki bila kutoka na karatasi.

Nilipomwandikia yule muuza orodha, alinijibu kwamba niiuze tu, kwa sababu hakuna atakayejua. Hakuna atakayejua, katika nchi ambayo FBI iliendesha operesheni nzima iliyoitwa Operation Bullpen, ikawavamia mwaka 1999 watu wa California waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo, na ikakuta miongoni mwa bidhaa zao mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa! Mke wangu husema kwamba tukijilinganisha na aliyeununua mpira wa mtawa, sisi bado tuna akili zetu, nami hukubali haraka kabla hajafikiria zaidi.

Kwa hiyo shika hili moja: kinachoingia kwenye bahasha kiwe ni kitu ambacho kesho unaweza kukinunua tena bila kumwambia mtu yeyote. Kwa wachezaji wa zamani, Topps yenyewe iliichapisha upya seti ya mwaka 1952 mnamo 1983, ya 1953 mnamo 1991, na ya 1954 mnamo 1994, na ukiondoa majina makubwa, kadi hizo hupatikana kwa bei ndogo. Kwa waliocheza mwishoni mwa miaka ya 1980, kadi zilichapishwa kwa wingi kiasi kwamba watu huzigawa bure. Na ile kadi nyeupe ya inchi 3 kwa 5 ambayo yule bwana aliiita dharau ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa saini ikifika unaiweka ndani ya fremu moja na kadi halisi ya mzee, nayo haiguswi na kalamu ya mtu.

Usidhani kwamba nawasema vibaya wachezaji. Harmon Killebrew wa Minnesota Twins, aliyepiga mapigo 573 ya kuvuka uzio, aliwahimiza vijana wa timu hiyo, akiwemo Torii Hunter, watie saini inayosomeka, na yake mwenyewe unaisoma herufi kwa herufi. Lakini alifariki mwaka 2011, na waliobaki wa rika lake ni wazee sana. Kabla ya kumwandikia yeyote, tafuta picha za saini alizotuma mwaka huu uziweke kando ya zile za miaka ishirini iliyopita. Ukiona kwamba mkono umekuwa mzuri zaidi baada ya mtu kutimiza umri wa miaka themanini, hata kadi nyeupe usiitume.

Bahasha ya kurudishia iwe na anwani yako na stempu za kutosha. Ukitia kifuko kigumu cha plastiki, posta ya Marekani hutoza nyongeza, kwa sababu bahasha isiyopinda haipiti kwenye mashine zao, na nyongeza hiyo uilipie kwenda na kurudi.

Nitajie majina matano uliyokusudia kuanza nayo, nikuambie ni yupi kati yao ambaye saini zake za karibuni nimeziona na kuzitilia shaka.