"Mwalimu, imegoma": ushauri kwa anayeanza kufundisha programu sekondari

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa Kidato cha Pili na chumba chenye kompyuta chache za mitumba, ushauri wangu wa kwanza ni huu: wiki za mwanzo usiwape kazi ya kuandika programu, wape programu zilizokwisha kuandikwa wazisome. Najua wana hamu ya kugusa kibodi, na mkuu wa shule akipita dirishani anapenda kuona skrini zinawaka. Vumilia kidogo.

Mimi nafundisha shule ya kutwa, pembeni ya mji wa Dodoma. Wanafunzi wangu wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, nyumbani baadhi yao wanaongea Kigogo, na Kiingereza kimewakuta kwa uzito wake wote Kidato cha Kwanza. Ukiwawekea ubaoni mistari kumi ya Python, lugha ya programu tunayoitumia, hawajui neno gani ni amri ya lugha yenyewe na neno gani mwalimu kajitungia. Ndiyo maana majina yote tunayobuni sisi nayaandika kwa Kiswahili. Hapo mambo yanajitenga yenyewe: print, if na input ni mali ya Python, hatuyagusi; alama, daraja na jina ni yetu, tungetaka tungeyaita vingine. Wapo wenzetu wanaonung'unika kwamba huo si utaratibu wa kimataifa. Mtoto akifika huko kimataifa atabadilisha majina, si kazi kubwa.

Sasa, wasome nini? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu:

alama = 80
if alama >= 30:
    print("D")
elif alama >= 45:
    print("C")
elif alama >= 65:
    print("B")
elif alama >= 75:
    print("A")
else:
    print("F")

Madaraja haya hayahitaji maelezo. Kila mwanafunzi anajua kwamba kwenye mtihani wa Kidato cha Nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kabla hujaiendesha, kila mmoja aandike kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, herufi itakayotokea. Kalamu ya wino ni muhimu. Penseli inafutika haraka sana majibu yakitoka. Karibu darasa zima litaandika A. Iendeshe. Inatoka D.

Hapo usieleze kitu. Waache wapige kelele. "Sir, inamwonea!" Mmoja atadai kompyuta ni mbovu, mwingine atakimbilia ubaoni na kuanza kusoma mstari kwa mstari kwa kidole, mpaka agundue kwamba 80 kweli ni zaidi ya 30. Sharti la kwanza limeshatimia, na Python ikipata sharti lililotimia kwenye mlolongo wa if (ikiwa) na elif (la sivyo, ikiwa), inatekeleza lililo chini yake na kuyaruka yote yaliyobaki. Nani atapendekeza tuanzie na 75? Daima anapatikana. Dakika 40 za kipindi zimekwisha na hamjaandika programu hata moja, lakini wameelewa kwamba mashine inafuata kilichoandikwa, haijui ulikusudia nini.

Jambo la pili ni neno "imegoma". Utalisikia kila kona ya chumba: Mwalimu, imegoma. Kwangu neno hilo haliruhusiwi. Anayeniita lazima anisomee kwanza mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa, kwa sauti, kwa sababu Python huweka aina ya kosa pale chini kabisa, na mistari ya juu yake inaonyesha lilipotokea. Chukua programu ile ile ya madaraja, panga masharti vizuri, kisha badala ya 80 weka input ili mtumiaji aandike alama mwenyewe. Itakataa, na mstari wa mwisho utasema TypeError: '>=' not supported between instances of 'str' and 'int'. Tunaufasiri pamoja: unalinganisha maandishi na namba. input hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika 80, kwa hiyo tunaizungushia int, inayogeuza maandishi kuwa namba. Makosa ya namna hii yaandikwe nyuma ya daftari: ujumbe wenyewe, maana yake kwa Kiswahili, na tiba yake.

Bahati mbaya kosa baya zaidi halina ujumbe. Mkulima wa Hombolo ana tenga la zabibu la kilo 12 na jingine la kilo 15. Mwanafunzi anazipokea namba hizo kwa input, anajumlisha, anapata 1215. Python haikulalamika kwa sababu maandishi nayo yanajumlishwa kwa kuunganishwa. Mpe mwanafunzi mfano huu siku chache baada ya ule wa TypeError, uone kama atashtuka mwenyewe.

Vitanzi, yaani amri za kurudiarudia kazi, vinafundishika kwa jedwali la kuzidisha. Wape range(1, 12), inayotoa namba moja baada ya nyingine kuanzia 1, na uwaombe jedwali la 7. Litaishia 7 mara 11, nao wamezoea mpaka mara 12. Basi, wanajifunza kwamba namba ya mwisho kwenye range haihesabiwi.

Kuhusu vifaa: tumia Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea Python. Ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, ni ya bure, inakuja na Python ndani yake, na unaweza kuipakua mara moja ukaisambaza kwa flashi bila intaneti. Inaweza kutembea hatua kwa hatua ikikuonyesha kila jina lina thamani gani wakati huo. Scratch, ambayo mtoto anaunganisha vipande vya amri kwa kuviburuta, ni nzuri pia, ila kwa umri huu mimi naiacha kwa klabu ya jioni.

Wanafunzi wakiwa watatu kwenye kompyuta moja, yule aliyezoea simu ya kaka yake atashika kibodi mpaka kengele, na mara nyingi wasichana ndio wanaobaki kutazama. Weka sheria: mwenye kibodi haamui, anaandika anachoambiwa na wenzake tu, na wanabadilishana kila kazi mpya. Wajuaji watalalamika.

Umeme ukikatika, kipindi kinaendelea kwenye karatasi, na ndio maana nakuandikia haya yote kuhusu daftari. Kiangazi funika mashine kwa kitambaa, vumbi letu unalijua. Na kwenye jaribio lako la kwanza usiulize "programu ni nini". Wape mistari sita yenye kosa moja, waseme itatoa nini, kisha wairekebishe.