Uliza Ujibiwe: Gofu kwenye masika, radi, tope na mwavuli wa kedi

Masika yameingia na barua za mwezi huu karibu zote zinaongelea mvua. Nimechagua tatu. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake litakuwa refu pia, mnivumilie.

Shikamoo kaka. Sisi ni kikundi cha marafiki 16 hapa Moshi, kuna walimu, wafanyabiashara, wastaafu wawili na daktari mmoja. Kila mwaka tunafungua msimu wetu Aprili, tunacheza mashimo 18 kwa pointi halafu jioni tunakula nyama na ndizi pamoja na familia. Mwaka huu mvua ilianza tukiwa hatujamaliza hata shimo la pili na haikukata. Mambo matatu yametugombanisha mpaka leo kwenye grupu la WhatsApp. La kwanza, mpira wangu ulidondoka kwenye feawei (ile njia ya majani mafupi ya kuelekea shimo) ukazama kwenye tope karibu wote, nikauchomoa nikaufuta nikaudondosha pembeni, mwenzangu anasema nilitakiwa kujiongezea mkwaju, yaani pigo moja la adhabu. La pili, kwenye grini (yale majani yaliyonyolewa kuzunguka shimo) ya shimo la saba kulikuwa na dimbwi kati ya mpira wa mwenzetu na shimo, akataka kuusogeza tukambishia akapiga hivyo hivyo, mpira ukafia majini. La tatu ndio kubwa, tulipofika shimo la 13 radi zikaanza, sisi wanne ambao tulikuwa kundi la mwisho tukarudi klabuni, wengine waliokuwa mbele wakaendelea mpaka mwisho na sasa wanasema tumejitoa wenyewe kwahiyo kombe ni lao. Tunapendana kaka, lakini hili limeacha kinyongo. — Msomaji, Moshi

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la radi kwasababu hayo mengine mawili ni ya pointi na hili ni la roho za watu.

Hamkujitoa. Kanuni ya 5.7 ya gofu inasema mvua peke yake siyo sababu ya kuacha kucheza, unyeshewe vipi unatakiwa uendelee, lakini mchezaji akiona kuna hatari ya radi anaruhusiwa kusimama mwenyewe, hasubiri king'ora wala ruhusa ya mtu. Kinachotakiwa ni kuitaarifu kamati mapema iwezekanavyo. Nyie mlirudi klabuni, na naamini mlimwambia mwenye kadi za matokeo, basi mmemaliza kazi yenu. Anayesema mlikimbia mpe hii gazeti asome mwenyewe.

Na asidhani ni woga. Mwaka 1975 kwenye mashindano ya Western Open kule Illinois, Marekani, Lee Trevino alipigwa na radi yeye na wenzake Jerry Heard na Bobby Nichols, wote wachezaji wa kulipwa. Walipona, ila Trevino mgongo ulimsumbua mpaka akafanyiwa upasuaji. Mwaka 1991 kwenye US Open iliyochezwa Hazeltine, Minnesota, watazamaji sita walipigwa na radi wakiwa wamejikinga mvua chini ya mti na mmoja wao akafariki. Hao hawakuwa wameshika hata fimbo, walikuwa wamesimama tu chini ya mti kama ambavyo sisi wote tunafanya mvua ikitukuta shambani au njiani.

Kwahiyo naomba sana, mti siyo mahali pa kujificha, na vile vibanda vya makuti visivyo na kuta navyo vinakukinga mvua tu, radi havizuii. Ingieni jengo la klabu au gari lenye bodi ya bati mfunge vioo. Namna ya kupima hatari ni rahisi, ukiona umeme unamulika anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo, sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwahiyo ukihesabu 30 radi iko kilomita kama kumi, na ikiwa chini ya hapo ondokeni uwanjani mara moja. Kurudi msirudi kwasababu mvua imepungua, subirini dakika 30 kamili tangu ngurumo ya mwisho, na ikilia nyingine ndani ya hizo dakika mnaanza kuhesabu upya. Inachosha, najua, mnakaa barazani mnaangalia saa na chai imeshapoa, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Pia mkubaliane alama kabla hamjatoka. Kwa kawaida mlio mmoja mrefu wa king'ora maana yake simameni papo hapo, hata kama ulishalenga hupigi. Milio mitatu ya mfululizo ni kusimama kwa kawaida, mnaruhusiwa kumalizia shimo mliloanza. Milio miwili mifupi ni rudini mchezoni. Nyie hamna king'ora, basi honi ya gari inatosha ili mradi kuna mtu mmoja amekabidhiwa hiyo kazi na anabaki klabuni.

Sasa kombe. Kwenye shindano rasmi kamati ndio ingeamua, kwenye kikundi chenu kamati ni nyie wenyewe. Umesema kundi lenu lilikuwa la mwisho na mlikuwa shimo la 13, maana yake watu wote 16 walishamaliza mashimo 12. Chukueni kadi, jumlisheni pointi za yale mashimo 12 tu, mwenye nyingi apewe kombe. Wale waliomaliza 18 hawapotezi kitu walichokipata kwa halali mpaka pale, na nyie hamwadhibiwi kwa kufuata kanuni. Mimi ningefanya hivyo leo leo.

Tuje kwenye tope. Hapo ulikuwa sahihi, mwenzako amekosea. Mpira ukizama kwenye kishimo ulichokichimba wenyewe ulipotua, na sehemu yake ikawa chini ya usawa wa ardhi, unauokota, unaufuta, unaudondosha bila adhabu. Unapima umbali wa fimbo yako ndefu zaidi ukiacha pata (ile fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini), kuanzia pale nyuma tu ya mpira, usisogee karibu na shimo, na unadondosha kutoka usawa wa goti, sio begani kama zamani, hiyo ilibadilika 2019 na bado naona wazee wengi wananyoosha mkono. Hii inafanya kazi kwenye feawei na kwenye majani marefu pia. Kwenye mchanga wa banka haifanyi kazi, ukizama mle unapiga ulivyo. Ila angalia kitu kimoja, kuwa na tope tu juu ya mpira hakukuruhusu kuufuta ukiwa kwenye feawei, lazima uwe umezama hivyo, au klabu iwe imetangaza siku hiyo kwamba mnaruhusiwa kuokota, kusafisha na kuweka. Na hiyo ndio tangazo ambalo kikundi kinachoanza msimu mwezi wa nne kinatakiwa kulibandika kabla mtu wa kwanza hajapiga, litawapunguzia ugomvi wote wa siku.

La dimbwi, huyo mwenzenu mmemwonea na hilo limeniuma kidogo. Maji ya mvua yaliyotuama ambayo siyo bwawa la uwanja yanaitwa maji ya muda, na mpira ukiwa kwenye grini maji yakawa kati yake na shimo unaruhusiwa kuuhamisha mpira bure mpaka sehemu ya karibu ambayo maji hayaingilii njia, mradi usikaribie shimo, na hapo unauweka kwa mkono, haudondoshwi. Kwenye feawei vilevile, ukisimama na maji yakaonekana kuzunguka viatu vyako bila wewe kukanyaga kwa nguvu, unahama bure. Lakini yakichuruzika mara moja ukikanyaga halafu yakapotea, hayo siyo maji ya muda, hiyo ni nyasi iliyolowa, piga. Mkwaju wake umeshapita na haurudi, ila mwombeni radhi.

Na mmefanya vizuri kucheza kwa pointi, msibadilishe. Mfumo huu aliuanzisha daktari Mwingereza, Frank Stableford, na shindano lake la kwanza lilichezwa klabu ya Wallasey mwezi Mei 1932, upepo wa bahari kule ulikuwa unaharibu kadi za watu shimo la kwanza la pili wanakata tamaa. Ukimaliza shimo kwa idadi iliyopangwa, baada ya kutoa hendikapu yako (mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako), unapata pointi 2, ukizidisha mkwaju mmoja unapata 1, ukipunguza mmoja 3, na ukiharibu kabisa ni sifuri, unaokota mpira mnaenda mbele. Kwenye mvua hiyo sifuri ni rehema, watu hawasimami dakika kumi wakimsubiri mtu mmoja anayepambana na tope.

Habari yako mwandishi. Mimi huwa nacheza na kedi (mbeba begi la fimbo) mmoja mzuri sana, mvua ikinyesha ananishikia mwavuli juu hata nikiwa napiga mpira. Wiki iliyopita mzee mmoja akaniambia hiyo ni adhabu. Ni kweli ama alikuwa ananitisha? — Msomaji, Limuru

Ni kweli kabisa, na adhabu yake ni mikwaju miwili. Kedi anaweza kukufunika ukitembea, ukichagua fimbo, ukisoma grini, hata ukiwa umeshasimama tayari, lakini wakati wa kupiga wenyewe lazima mwavuli wake utoke juu yako. Wewe mwenyewe ukitaka kushika mwavuli kwa mkono mmoja na kusukuma mpira kwa mwingine, kanuni haina tatizo. Mwambie kedi wako ahesabu moja mbili, arudi nyuma hatua mbili na mwavuli auinamishie kwenye begi, fimbo zako ndio zinahitaji kufunikwa sekunde hizo kuliko kichwa chako, mshikio ukilowa fimbo inateleza mkononi.

Shikamoo. Mimi ni kedi klabu moja Arusha, nina miaka minne kwenye hii kazi. Kuna vikundi vya marafiki vinakuja msimu ukianza, mvua ikikatisha mchezo shimo la tisa wanatulipa nusu, wengine wanasema tutalipwa siku watakayorudia. Hatuna makoti ya mvua. Je kanuni za gofu zinasemaje? — Kedi, Arusha

Marahaba. Kanuni za gofu zinamtaja kedi, zinasema anaruhusiwa kufanya nini na kwamba kosa lake linamwangukia mchezaji, lakini malipo yako hazigusi hata kidogo. Hayo ni makubaliano yenu na mchezaji au utaratibu wa klabu. Kwahiyo hapa naongea kwa niaba yangu.

Nilibeba mabegi miaka miwili nilipomaliza shule. Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, begi limenyonya maji limekuwa zito mpaka mkanda unakata bega, viatu vyangu vya raba vimejaa tope, na taulo la mchezaji nimelibana kwapani ndani ya shati kwasababu ndio mahali pekee pakavu nilipokuwa napo, kila akitaka kufuta mshikio nalichomoa nampa halafu nalirudisha. Tukasimama shimo la nane. Yule bwana akanilipa yote, akasema umeamka saa kumi na moja kama ungeamka kwa mashimo 18. Sijalisahau hilo neno.

Wenzangu mnaosoma mnaofungua misimu yenu mwezi huu, lipeni yote. Kedi hakuamua radi ipige. Siku yake imeshaisha, hawezi kwenda kutafuta begi lingine saa sita mchana uwanja umefungwa. Radi ikilia ingieni naye ndani, nimeona klabu ambazo mchezaji anaingia barazani na kedi anabaki nje chini ya mti na begi lenye vyuma, hilo halikubaliki hata kidogo. Kwenye kikundi chetu mwaka jana tulichanga, kila mchezaji akatoa hela ya koti moja la mvua, tukayaacha stoo ya makedi yawe ya kwao.

Wewe mdogo wangu fanya hivi. Asubuhi kabla hamjatoka, ukiwa unafuta fimbo na mawingu yameshajikusanya, muulize mchezaji kwa adabu mbele ya wenzake: "Mzee, mvua ikitukatisha leo tunafanyaje malipo?" Akishajibu wenzake wakisikia, imeisha. Na muongee makedi wote mtaje kiasi kimoja, mkampelekee nahodha wa klabu kwa maandishi, karatasi moja inatosha, aibandike pale pale panapobandikwa matangazo ya mvua.